Mwenye Nyumba na Kola Kumi

Niseme ukweli mapema nisije nikaulizwa baadaye: lile gemu lilikuwa langu, na shemeji yangu alinipita. Mimi ni fundi simu, nililicheza miezi minne na sikuwahi kuvuka daraja. Yeye ni fundi cherehani, mke wa kaka yangu mkubwa, mama wa miaka hamsini na mbili ambaye alikuwa akinicheka kila aliponikuta nimeshika padi ya gemu. Alivuka kwa wiki tisa, tena kwa mkono mgonjwa.

Kiharusi kilimpata asubuhi akifunga vifungo vya blauzi. Mdomo ulirudi mahali pake baada ya siku chache, mguu ukafuata, ila vidole vya mkono wa kushoto viligoma. Watu walikuja kumpa pole wakisema afadhali si mkono wa kulia. Nilitamani kuwafukuza. Kwenye cherehani, mkono wa kushoto ndio unaotuliza kitambaa na kukizungusha kwenye kona. Bila huo, kola inatoka imepinda na mwenye shati anaonekana kalala nalo.

Kwenye karakana ya sare za shule, alikofanya kazi miaka kumi na tisa, msimamizi wao anaitwa Madam Kengele kwa sababu anatembea na kengele mkononi, na hacheki hata kwa bahati mbaya. Alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Cherehani yako nimeifunika," akasema. "Nakupa miezi mitatu. Ukirudi, utanishonea kola kumi kwa saa moja kama wenzako. Ukishindwa, fundi, kiti nampa mtu mwingine."

Alipotoka, shemeji alilia. Sikuwahi kumwona akilia namna ile, hata kwenye msiba wa mama yake. Hakuulilia mkono, alikililia kile kiti.

Daktari wa viungo alimpa mpira laini wa kubinya. Aliubinya siku tatu, akautupa nyuma ya kabati.

"Nabinya, nabinya, halafu nini?" akafoka. "Mpira haunijibu!"

Jumamosi moja mchana akanikuta sebuleni napata kipigo. Gemu lenyewe ni hivi: una shujaa mwenye upanga na ngao, una nchi nzima ya kuvuka, na kila penye njia ya maana pana bosi anayeilinda. Bosi wa darajani ni jitu lenye deraya nyeusi na mapanga mawili. Mimi nilimpa jina la Mwenye Nyumba, kwa sababu hukai sana kabla hajakutoa nje. Siku hiyo alinitoa mara sita, na ya sita nilisema maneno ambayo hayaandikiki.

"Shemeji," akaniita, macho yakiwa mikononi mwangu. "Hicho kidole gumba cha kushoto kinafanya nini?"

"Kinamtembeza shujaa."

"Na hicho cha shahada, huko juu?"

"Kinainua ngao."

Akanyoosha mkono. "Hebu lete."

"Utamuua, shemeji."

"Wewe umemuua mara ngapi?"

Nikampa padi.

Wiki ya kwanza shujaa alitembea kama mlevi, akawa anatumbukia mtoni kabla hata ya kuliona daraja. Wiki ya pili akafika, akafa kwa pigo moja. Shemeji alikuwa mtu wa hasira. Zamani akiharibu mshono mmoja, nyumba nzima tunakula kimya. Sasa alikuwa anakufa mara kumi kwa kikao kimoja. Mwanzoni aliipiga padi kwenye mto wa kochi, akamtukana jitu na ukoo wake. Halafu, sijui ni siku gani hasa, akaacha. Akifa anavuta pumzi, anafuta jasho kiganjani, anaanza tena. Mimi ndiye niliyekuwa natukana kwa niaba yake.

Kisha akaleta ufundi wake. Alitandika mezani karatasi ya kukatia vipimo, akachukua chaki, akamchora Mwenye Nyumba pigo kwa pigo: mviringo pale anapozunguka, mstari anaposhusha panga kutoka juu, na msalaba mahali ambapo mtu anaweza kuingia na kupiga. Akaibandika ukutani. Kaka alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Hii suruali ya nani?" akauliza.

Kufika wiki ya saba, alikuwa anamfikisha Mwenye Nyumba mahali ambapo mimi sijawahi. Ule mstari mwekundu wa uhai wa jitu unabaki kipande cha ukucha. Hapo hapo shemeji anakufa. Kila mara, kwa panga lile lile. Ikawa mara ishirini, ikawa thelathini. Mwezi wa mwisho ulikuwa umeingia, na nilianza kuona anautazama mkono wake kama mgeni aliyekaa kupita kiasi.

Niliamua kutazama vidole badala ya runinga. Ndipo nikaona.

"Shemeji, mbona unarudia pale pale?"

"Pale wapi?"

"Unapiga mbili, vizuri kabisa, njia nyeupe. Badala ya kutoka, unaongeza kapigo kadogo. Ndipo anapokukata."

Akabisha. Tukacheza tena, akajiangalia mwenyewe. Piga, piga, na kale kadogo. Akaiweka padi mapajani, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nafunga mshono," akasema. "Mungu wangu, nafunga mshono!"

Asiyeshona hataelewa, kwa hiyo naeleza. Fundi akifika mwisho wa mshono harukii kukata uzi. Anarudisha sindano nyuma hatua mbili tatu ili uzi ujishike usifumuke. Shemeji alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini bila kufikiri, na sasa alikuwa anafunga mshono kwenye mbavu za jitu lenye mapanga mawili.

Kuacha kurudi nyuma kulimchukua wiki mbili. Alikuwa anajisemea kwa sauti, "Piga, piga, acha uzi. Piga, piga, acha uzi." Jumapili moja, saa kumi alasiri, kaka akiwa anapiga pasi nyuma yetu, Mwenye Nyumba alipiga goti, akaanguka, na daraja likafunguka. Mimi na kaka tulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Shemeji hakupiga kelele. Alikiinua kidole gumba cha kushoto, akakikunja, akakinyoosha, akakikunja.

"Zimebaki siku kumi na mbili," akasema. "Nileteeni mashuka ya zamani nishone."

Siku ya siku nilimsindikiza, maana kaka alikuwa zamu. Nilikaa kwenye benchi karibu na meza ya kukatia. Madam Kengele aliondoa kifuniko, akaweka mashati kumi yasiyo na kola, akatazama saa ya ukutani, akapiga kengele.

Kola nne zilikwenda salama. Ya tano, kidole cha shahada kilikwama na kitambaa kikateleza. Mshono ukaenda kombo. Nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa ameshavuta pumzi na kufuta kiganja kwenye sketi. Akafumua, akaanza tena, uso mkavu. Wenzake walikuwa wamesimamisha mashine zao, na nadhani walishangaa. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimemwona akifa zaidi ya mara mia nne.

Ya kumi aliianza ikiwa zimebaki dakika nne. Alifika mwisho wa mshono mshale wa dakika ukiwa unaelekea juu. Ilibaki akate uzi tu. Nilijikuta nanong'ona, "Acha uzi, shemeji, acha uzi."

Akarudisha sindano nyuma. Hatua moja, mbili, tatu. Kengele ikalia mkasi ukiwa bado mezani.

Madam Kengele alilichukua lile shati la kumi, akaishika kola kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikuachia hata uzi mmoja. Akakata uzi mwenyewe, akalikunja shati, akaliweka juu ya yale tisa.

"Kesho saa mbili kamili," akasema. "Itie mafuta hiyo mashine, imekaa sana."

Njiani sikuvumilia.

"Shemeji, ulitaka kuniua! Sekunde zinakwisha, wewe unafunga mshono? Wiki mbili nzima tumehangaika uache!"

Alikuwa amebeba mkoba kwa mkono wa kushoto, nami sikuwa nimeona alivyouchukua.

"Mwenye Nyumba havai shati, shemeji," akasema. "Lile atavaa mtoto wa mtu."