Upande wa Kuanzia

Juzi mtu aliuliza mtandaoni aanzie wapi kumsoma yule mwandishi wa zamani wa hadithi za kutisha. Wakamjibu kwa mkato: "Anzia mwanzo." Nilikasirika hadi nikaizima simu. Mwanzo upi?

Mimi nilimsoma nikiwa Jeddah, kwenye ngazi za nyumba yetu ya mtaa wa Baghdadiyah, pakinuka klorini na samaki wa kukaanga. Dada Mercy, Mkenya aliyefanya kazi kwa jirani, aliniazima kitabu chake cha Kiswahili mchana mmoja. Skuli tulisoma Kiarabu, na vitabu vyetu vyote vilifunguliwa kulia. Hicho nacho nikakifungua kulia, nikazisoma zile sura fupi fupi kutoka ya mwisho kurudi nyuma. Mle kitabuni nyumba ilikuwa tupu, kitu kikipumua ukutani. Kisha kila sura ikamrudisha mtu mmoja, mpaka wote wakajaa mezani, wanakula na kucheka.

Nilikuwa nimekimaliza Dada Mercy aliposhuka na begi lake. Kafili, yule tajiri aliyemdhamini, alikuwa anampeleka Riyadh akafanye kazi kwa ndugu yake, wala hakumuuliza kama anataka.

"Kimekuogopesha?"

"Hata, dada. Mwishoni wote wanarudi nyumbani."

Akaliweka begi chini. "Wanarudi?"

"Wote, wallahi."

Dereva akapiga honi, akapaza sauti: "Yalla!"

"Basi kaa nacho," akasema, akaenda anatabasamu.

Juzi, nikiwa bado na hasira, nilikitoa kabatini nikakisoma kuanzia kushoto. Hakuna hata mmoja anayerudi. Na Dada Mercy alikuwa ameshakisoma.