Safu Niliyoiacha Tupu

Nilikuwa bado kwenye matazamio, na aliyewahi kuwa mwalimu wa matazamio anaujua woga wake. Kila nilipomwona tarishi anashuka kwenye baiskeli, nilijiuliza: ameleta barua ya kunithibitisha kazini, au ya kunirudisha nyumbani? Mama yangu kule Masaki, Kisarawe, alikwisha watangazia majirani wote shambani, huku wakiokota korosho, kwamba bintiye ni mwalimu wa serikali. Kumrudia mikono mitupu nisingeweza.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, upande wa Mlandizi. Ilikuwa miaka ile ya foleni na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, ambao ulifika stoo fukusi wakiwa wameshaula nusu. Bomba kubwa la maji ya Ruvu lilipita karibu na uwanja wetu wa mpira likielekea Dar, na sisi tulioga kwa zamu. Nayasema haya ili ieleweke kwamba wanafunzi wale hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha kukasirika.

Ijumaa moja, kipindi cha mwisho, nilikuwa nafundisha siasa kidato cha tatu. Kiranja wa darasa, binti mrefu wa dawati la mbele, asiyeridhika na jibu fupi, akanyoosha mkono. Alikuwa amesikia redioni kwamba huko Uarabuni watu wameingia barabarani kwa sababu ya bei ya mkate.

"Mwalimu, mbona nchi moja mfalme karudisha bei ya zamani, na nyingine watu wamepigwa risasi? Si wote Waarabu?"

Nikafurahi kupita kiasi. Swali zuri hunilevya, na huo ndio ugonjwa wangu. Nikachora jedwali ubao mzima: watawala watatu, na mbele yao safu mbili, "Anachofanya" na "Baadaye". Mfalme hukaa kimya siku mbili tatu, kisha hujitokeza kama baba, humfukuza waziri na kurudisha bei. Mwanajeshi aliyepindua serikali hufunga barabara, hupiga risasi, na redio yake hupiga muziki wa gwaride. Rais wa chama husema wananchi wema wamedanganywa na vibaraka, kisha huandaa maandamano ya kumuunga mkono yeye mwenyewe. Hapo chaki ikapunguza mwendo, maana na sisi tulikuwa na chama, tena kimoja. Nikaongeza upesi, "huko Uarabuni." Kengele ikalia kabla sijagusa safu ya pili. Nikamwambia kiranja asifute, tutamalizia Jumatatu.

Jumamosi mchana wanafunzi walifunika sahani, wakagoma kula ule unga wenye fukusi. Hakuna aliyepiga kelele. Waliketi mbele ya stoo, sahani zimepinduliwa chini, wakamwangalia Mkuu wa Shule. Mkuu akapanda kwenye ngazi ya bwalo akasema anajua wao ni vijana wema, ila kuna mtu amewachochea. Akageuza macho kwetu walimu.

"Wa tatu huyo!" sauti ikatoka katikati ya vijana, na kidato cha tatu chote kikacheka.

Wenzangu hawakuelewa kicheko kile, lakini mimi nilikielewa vizuri mno: wa tatu ubaoni alikuwa rais wa chama. Mkuu akamwita msaidizi wake, akamtuma kwa baiskeli aende Mlandizi kuwapigia simu polisi. Sasa tunahamia kwa wa pili, mwanajeshi, nikawaza, na ubao wangu bado uko pale na mwandiko wangu. Nikazunguka nyuma ya bwalo, nikatembea haraka kwenda darasani kuufuta.

Mkuu alikuwa ameshafika. Amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, anausoma.

"Shikamoo, Mkuu," nikasema, ingawa asubuhi nilikwisha mwamkia.

"Marahaba. Umefundisha vizuri. Lakini hapa kwenye Baadaye umeacha tupu."

"Kengele ililia, Mkuu."

"Basi niambie wewe. Yupi kati ya hawa alibaki kwenye kiti?"

Nilitegemea ukali, na ukali ningejua pa kuuweka. Mtu yule alikuwa anauliza kweli. Shati lilikuwa limemlowa mgongoni, naye aliogopa kama mimi. Ukweli niliokuwa nao kutoka magazetini ni kwamba wote walibaki. Mwanajeshi alibaki bila hata kuulizwa. Na mfalme, bei ya mkate ilipokwisha shuka na watu kurudi makwao, aliwafuata viongozi wa maandamano mmoja mmoja, akawafunga. Nikafikiria virungu, nikafikiria barua yangu.

"Mfalme," nikasema, nikaishia hapo.

Akachukua dasta, akafuta ubao wote mwenyewe, kisha akawasha pikipiki akamfuata msaidizi wake. Alimkuta njiani, akamrudisha. Jioni ile tulikula wali wa mchele uliowekwa kwa ajili ya wageni. Mtunza stoo alisimamishwa, na Mkuu akaketi benchi moja na wanafunzi akiwaita wanangu. Wakapiga makofi. Kiranja alinitazama kutoka meza ya pili, akatabasamu kana kwamba tulikuwa na siri moja.

Jumatatu alinyoosha mkono tena.

"Mwalimu, na ile safu ya Baadaye?"

"Hiyo haitatoka kwenye mtihani," nikamjibu, nikaanza mada nyingine.

Sikulala vizuri muhula ule. Kila nikimwona Mkuu akiandika, nilijiambia anaandika ratiba tu. Shule ikafungwa kwa amani, wanafunzi wakaondoka na masanduku yao wakiimba. Likizo ilipofika katikati nikasikia kutoka kwa mwalimu mwenzangu kwamba wanafunzi wanne wameandikiwa barua wasirudi. Jina la kwanza lilikuwa la kiranja wangu.

Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuwa imefika Masaki wiki ileile. Mama aliichukua akapita nayo nyumba hadi nyumba, majirani wakamsomea na kumpongeza. Mimi nilibaki ndani, nikiiogopa siku ya kufungua shule, na lile dawati la mbele.