Ugonjwa Ambao Susu Alikataza Kuutaja

Nilipokuwa na miaka minane kule Mitaboni, nyumbani kwetu kulikuwa na ugonjwa mmoja usiotajwa. Ulinipata mara moja tu. Nilikuwa nimetoka kudungwa sindano ya kutibu koo, na njiani jirani mmoja akanishika shavu, akasema nimenona. Kabla hatujafika nyumbani midomo ilikuwa imefura, mwili unawasha, pumzi inakuja kwa shida. Susu, nyanya yangu aliyenilea mama akifanya kazi Athi River, hakuuliza mengi. Kwake lilikuwa jicho baya la yule jirani. Nilipopona aliniketisha akaniambia tusiutaje kamwe, kwa sababu ukitajwa unarudi, na unamrudia aliyeutaja.

Nilimwamini kabisa. Mtu aliyejua mvua itanyesha lini angekosea vipi juu ya mdomo wangu?

Mwaka uliofuata nikakanyaga msumari, mguu ukaanza kutoa usaha. Susu akanipeleka dispensari. Sista aliyetupokea alikuwa mama mnene, hana haraka, ingawa foleni ilikuwa imefika nje.

"Susu, kuna dawa imewahi kumkataa huyu mtoto?"

"Hakuna."

"Hata kufura kidogo? Kujikuna?"

Susu aliuminya mkono wangu chini ya leso. Nikatazama sakafu.

"Huyu ni mzima tu, daktari."

Sista akachukua kichupa chenye unga mweupe, akatia maji, akaanza kukitikisa. Niliujua ule unga. Hata ile siku ya koo ulitikiswa hivyo hivyo. Niliogopa sindano, lakini kusema niliogopa zaidi. Nikamtazama Susu. Naye alikuwa amekikazia macho kichupa. Sista akavuta dawa, akatoa hewa kwenye sindano, akaniambia nigeuke.

"Ngoja," Susu akasema. Alinivuta akaniweka nyuma yake. "Alifura. Mdomo, macho, akakosa pumzi. Ni mimi nimesema. Huyu mtoto hajasema kitu."

Sista akaiweka sindano chini. Hakumcheka wala kumgombeza. Aliuliza ilikuwa baada ya nini, akasikiliza mpaka habari za jirani zikaisha, kisha akatuketisha.

"Hiyo dawa ndiyo ilimkataa, Susu. Inaitwa penisilini. Ningemdunga, tungeweza kumpoteza hapa hapa. Kila mahali mkienda kutibiwa, mseme hilo jina kwanza, hata kama hamjaulizwa. Na msimpe dawa ya mtu mwingine iliyobaki."

Akaliandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yangu na kumfanya Susu alirudie mara tatu, kisha akanipa vidonge vya aina nyingine.

Wiki ile nzima, kila asubuhi, nilimwona Susu akijipapasa midomo akidhani nimelala. Ugonjwa haukumjia. Susu aliendelea kumkwepa yule jirani hadi uzeeni, lakini hatukuingia duka la dawa bila yeye kutaja penisilini kabla hata ya salamu.

Siku hizi nikiulizwa na wauguzi, nalitaja jina hilo haraka na kuendelea na mambo mengine. Mimi halinigharimu chochote. Susu aliutaja ule ugonjwa akiamini kwamba anajiitia kifo, na kabla ya kufungua mdomo alihakikisha kwanza niko nyuma yake.