Pikipiki ya Kijivu Waliyoikwepa Wote

Mradi mmoja wa maziwa ulipofungwa pale Kericho, pikipiki zake tatu kubwa ziliwekwa uani ziuzwe. Mimi ni daktari wa mifugo. Wakati huo nilikuwa nimetoka tu serikalini, na nilihitaji chombo cha kunifikisha Siongiroi hata mvua ikinyesha wiki nzima. Nilienda na mke wangu.

Aliyesimamia uuzaji alikuwa dereva wa zamani wa mradi, mtu mpole aliyependa kuongea nawe karibu na sikio. Wanunuzi walizizunguka mbili tu. Nyekundu ilikuwa ndefu mno. Niliijaribu hadi Kapsoit, na kila niliposimama miguu yangu ilitafuta ardhi isiipate. Nyeupe ilikuwa na nguvu za ajabu, lakini injini ilijitokeza kushoto na kulia, nikajiona nimekwama nayo kwenye vijia vya mashamba ya chai. Ya tatu, ya kijivu, ilisimama ukutani peke yake. Haikuwa na cheni. Gurudumu la nyuma lilizungushwa na shafti iliyofichwa ndani ya chuma.

"Hiyo achana nayo, daktari," dereva aliniambia kwa sauti ya chini. "Ilimwangusha mkubwa wetu vibaya. Na hapa hakuna fundi wa kuifungua."

Nilishukuru, lakini nikaanza kujiuliza ni muuzaji gani huyu anayeikashifu mali anayoiuza. Nikamwona akimnong'oneza mwalimu mmoja vilevile, naye mwalimu akaenda zake. Nilipoomba kuijaribu, akasema ufunguo umepotea.

Mke wangu alizisogelea pikipiki. Alipitisha kidole kwenye kiti cha nyekundu, kisha cha nyeupe, kikatoka na vumbi. Kwenye ya kijivu kikatoka safi.

"Hii inaendeshwa," aliniambia. "Na anayeiendesha hataki iondoke."

Tulimfuata mkubwa ofisini, akiwa anafunga maboksi yake. Alishangaa kusikia kwamba aliwahi kuanguka. Dereva alipoitwa, ufunguo ulitoka mfukoni mwake. Niliipeleka pikipiki kwenye matope ya njia ya Bomet, ikapita kimya, imetulia, na miguu yangu ikifika chini. Nikainunua. Mkubwa alisema dereva alikuwa ameomba aachiwe hiyo ikikosa mtu.

Hata hivyo maneno ya dereva yalikuwa yameniingia. Kwa muda mrefu, kila iliponguruma tofauti kidogo nilisimama kando ya barabara, nikainama, nikasikiliza. Sikuwahi kupata kosa lolote.

Siku moja huko Mulot nilitoka kumtibu ndama, nikamkuta dereva yule amechuchumaa kando ya pikipiki, akipapasa ile shafti. Alinisalimu vizuri, akauliza kama nafikiria kuiuza. Nikasema bado. Ndipo akauliza siku hizi ninaishi upande gani.

Nilimtajia mahali pasipo petu. Kisha nikapitia dukani, nikanunua mnyororo na kufuli.