Upande wa Pili wa Boneti

Boneti ya gari la utalii haibebwi na mtu mmoja, hata awe na kifua cha namna gani. Mmoja anashika kushoto, mwingine kulia, wanaishusha juu ya injini taratibu, na kila mmoja kwa mkono uliobaki anaitafutia bolti tundu lake kwenye bawaba. Ukijifanya mwamba ukaifunga peke yako, utakwaruza fenda za watu, na hapa Karatu ukikwaruza gari la wageni habari inafika Arusha kabla yako. Ndiyo maana Tluway, fundi bodi mwenye gereji kwenye njia ya kwenda mnadani, kwa miaka kumi na minne alikuwa na Senteu.

Tluway mwenyewe ni Mwiraqw wa Mbulumbulu. Aliacha jembe la baba yake akiwa na miaka ishirini, akaenda Arusha kujifunza kunyoosha mabati, akarudi na nyundo tatu na majivuno ya kutosha watu wanne. Majivuno yenyewe hayakuwa ya bure. Alikuwa akichuchumaa mbele ya gari, anafumba jicho moja, anakwambia nafasi kati ya boneti na fenda ya kushoto imezidi ya kulia kwa unene wa njiti ya kiberiti. Wakipima, wanakuta ni kweli. Madereva wakamwita Fundi Jicho, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa.

Senteu, Mmasai, alitoka Enguserosambu, akaja Karatu kulinda yadi ya jirani. Mchana alikuwa halali, anakuja kutazama kazi. Siku moja Tluway alikosa mtu wa kushika boneti, akamwita, na toka siku hiyo hakutoka tena. Tluway akisema "kidogo", Senteu alijua ni kidogo cha namna gani, cha kucha au cha kidole kizima, akainua hivyo hivyo bila kuuliza. Kabla ya kulegeza bolti yoyote alichora mstari kwa msumari kuzunguka kila bawaba, ili boneti ikirudi ikae pale pale ilipokuwa. Tluway alikuwa akimtania kwamba anatia chapa magari kama ng'ombe wa kwao. Senteu alicheka, akaendelea kuchora. Alimwita Tluway Baba Selina, na Marsela, mke wa Tluway, alikuwa akimwekea chakula chake bila kuuliza kama yupo.

Sasa, yaliyotokea yalitokea kiangazi cha mwaka juzi, tena kwa jambo dogo la kutia aibu.

Dereva mmoja wa utalii, Clemensi, alileta gari likatolewa injini, kwa hiyo na boneti ikashushwa. Wakati wa kuirudisha, Clemensi akaomba nyongeza. Alisema barabara ya vumbi ya kule hifadhini inaitikisa boneti mpaka inapiga kelele kama debe, na wageni wanalalamika kwamba hawasikii hata ndege. Dawa ya kelele hiyo kila fundi anaijua. Unalegeza nati ya pini iliyo chini ya boneti, unaishusha pini ili loki iivute vizuri, unakaza, unajaribu, unalegeza tena. Inaweza kula asubuhi nzima. Clemensi alikuwa na haraka ya kwenda kupokea wageni, na Fundi Jicho hakutaka kuonekana mtu wa kuhangaika na nati asubuhi nzima mbele ya dereva.

Pembeni ya gereji zilikuwepo katambuga kuukuu za Senteu, zile za tairi. Mwenyewe alikuwa amekwenda dukani. Tluway akachukua moja, akakata vipande vinne, akavigandisha kwa gundi chini ya pembe za mbele za boneti, viwili viwili kila upande. Akaishusha. Kimya. Akachuchumaa, akafumba jicho, na nafasi za pande zote mbili zilikuwa sawa kabisa, tena nzuri za kupiga picha. Hayo ndiyo mambo yetu: gari la mamilioni, limetulizwa kwa ndara.

Senteu aliporudi aliona ndara yake ina tundu, akainua boneti, akaona vipande. Akaijaribu mara mbili kwa kiganja. Akamwambia Tluway kwa sauti ya chini, Clemensi asisikie, kwamba raba zimezidi unene, loki inashika nusu tu, na kile kidoano cha akiba kinachozuia boneti loki ikiachia kimelika. Washushe pini. Tluway akamjibu kwamba raba zitajikandamiza zenyewe mbele ya safari, aifunge tu mtu aende zake. Senteu akaweka viganja viwili, akaegemeza uzito wake wote, mpaka boneti ikaitika. Basi aliyeifunga alikuwa Senteu. Hilo halina ubishi, na ubaya wote ulianzia hapo.

Kwenye mteremko baada ya Rhotia, upepo ukaingia chini ya boneti, ikafunguka yote na kupiga kioo cha mbele. Clemensi hakuona kitu tena. Alitoka barabarani, akapita katikati ya mahindi ya watu, akasimama kwenye kichuguu. Ashukuriwe Mungu hakuwa na wageni. Yeye alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani.

Kesho yake meneja wa kampuni alifika gereji na watu wawili. Hakupiga kelele, aliuliza swali moja tu: nani alifunga boneti ile. Tluway alikuwa amesimama na nyundo mkononi. Ameniambia mke wake kwamba Tluway hakulala usiku ule, na kwamba alitoka nyumbani akiwa amedhamiria kusema ukweli. Lakini madereva wengine walikuwa wameshasogea kusikiliza, wale wale waliomwita Fundi Jicho.

"Aliyefunga ni Senteu," alisema.

Senteu alimtazama. Kisha akamwambia meneja ni kweli, yeye ndiye aliyeifunga kwa mikono yake. Meneja akasema mtu huyo asiguse tena gari la kampuni. Wote wakamgeukia Tluway, kwa sababu gereji ni yake na neno ni lake, na Tluway akainamisha kichwa akaanza kugonga bati lililokuwa limeshanyooka. Senteu alifuta mikono, akavaa koti lake la bluu, akaaga kwa adabu kama anayekwenda kula. Hakurudi.

Marsela aliuliza jioni ile kama amempigia Senteu simu. Tluway akasema kesho. Aliuliza tena baada ya wiki, na baada ya mwezi, na kila mara ilikuwa kesho. Mwisho akaacha kuuliza, na kule kuacha kulimuuma Tluway kuliko maswali. Aliajiri watu wa kushika upande wa pili, mmoja baada ya mwingine, na wote aliwafokea. Hakuna aliyekosea kitu. Kosa lao lilikuwa kwamba walihitaji kuambiwa.

Mwezi uliopita gari lile lile lilirudi, na Clemensi ndani yake. Injini tena, na boneti tena. Siku ya kuirudisha, kijana wa zamu hakuja, kwa hiyo Clemensi mwenyewe akashika upande wa kulia, ameikumbatia kama godoro. Bolti zikaingia kwa taabu. Clemensi akacheka, akasema kazi hii kumbe ngumu, lakini afadhali kuhangaika kuliko kuwa na yule Mmasai mzembe. Akasema kila anapokaa na madereva, kuanzia Karatu mpaka geti la Ngorongoro, anawasimulia jinsi mtu yule alivyotaka kumuua.

Tluway alikuwa na spana kwenye bolti ya mwisho. Aliiacha hapo hapo. Miaka miwili alikuwa ameogopa meneja, ameogopa madereva, ameogopa jina, na hakuwahi kufikiria kwamba jina la mwenzake lilikuwa likitembezwa njia nzima namna hiyo. Akamwambia Clemensi yote, raba, loki, kidoano na onyo la Senteu, bila kujipunguzia.

Clemensi aliweka mkono juu ya mfupa wake uliounga vibaya. Tluway alisubiri matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Hayakuja.

"Mimi nitakusamehe mbele ya safari," Clemensi alisema. "Lakini mtu wa kuambiwa haya siyo mimi."

Akatoa simu. Namba ya Senteu alikuwa nayo toka zamani. Kule Enguserosambu mtandao unapatikana ukiwa juu ya kilima, na wengi wangebahatisha wiki nzima, lakini siku hiyo iliita mara ya kwanza. Clemensi akaiweka juu ya fenda, sauti wazi, akasogea kando.

Senteu aliitambua sauti mara moja. Alimwamkia kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake, akauliza habari za Mama Selina, za Selina mwenyewe, za mvua, za maharage ya Mbulumbulu, na Tluway ikabidi ajibu nzuri, nzuri, nzuri. Kisha Tluway akasema. Alisema boneti ile aliiharibu yeye, na mbele ya watu alimtupia mwenzake, na leo amemwambia Clemensi, na kesho atakwenda kwa meneja.

Upande wa pili ulisikika upepo na kengele ya mbuzi.

"Baba Selina, yale nilishayaacha," Senteu alisema. "Mkubwa akisema mbele za watu, mimi simrudishii neno. Nilijua umebanwa. Nikasema akipumua ataniita."

Tluway akamwomba arudi. Alisema gereji ipo, nafasi yake ipo, hakuna aliyeiweza. Senteu akamjibu kwa upole kwamba spana zake amewagawia watu, na ana watoto wawili na mifugo, na mguu wa kuja Karatu umeshakatika.

"Sikurudi nyumbani siku ile," aliendelea. "Nilikaa Rhotia kwa shemeji yangu wiki sita. Nilikuwa nakungoja. Jumapili unapita pale na pikipiki kwenda kumwona mama, basi mimi nakaa kwenye benchi la duka, nje kabisa, na lile koti langu. Nikasema labda simu inamshinda. Akiniona atasimama."

Clemensi alikuwa ameinamisha macho. Tluway alishika ukingo wa boneti kwa mikono yote miwili. Angeweza kusema kwamba duka lile lina watu wengi, kwamba vumbi la kiangazi halimwonyeshi mtu mtu. Senteu angekubali, kama alivyokubali siku ile mbele ya meneja.

"Nilikuona," alisema. "Jumapili zote."

"Najua," Senteu alisema. "Ulikuwa ukifika pale pikipiki unaiongezea moto."

Wakaagana vizuri. Senteu alisema mbuzi wanamtoka, akamtumia salamu Mama Selina, akakata simu.