Vidole Kumi vya Wino

Jamani, bora nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana Wamaza nzima, mji wetu, ilikwisha kunicheka, na aibu hiyo ilinipata mbele ya mama mkwe wangu.

Siku ya uchaguzi nilikuwa prezida, yaani msimamizi mkuu, wa kituo cha kura, na kabla ya hapo nilizunguka kila mtaa na megafoni nikifundisha: ukiona mtu ana wino kidoleni, huyo amekwisha kuchagua, msimruhusu tena hata awe chifu. Asubuhi natoka Kabambare na vifaa vya kura kwa pikipiki, na barabara yetu mnaijua, nikaona chupa ya wino itapasuka, basi mimi mwerevu nikaitia mfukoni mwa shati (kwenye sanduku la vifaa ilikuwa na mahali pake, niliambiwa kabisa). Kwenye kijito pikipiki ikateleza, kifuniko kikatoka, nikaukinga wino kwa mikono miwili, nikaokoa nusu chupa, halafu nikajipangusa jasho usoni.

Nilipofika kituoni, safu nzima ya wapiga kura ikanigeukia. Mama mkwe, aliyewahi kuliko wote, akatazama mikono yangu akajifunika mdomo kwa kitenge.

"Mukwe wangu, ni weye ulitufundisha. Sasa uko na wino kwa vidole yote, umechagulia wapi?"

"Mama, ni chupa ilifunguka kwa njia!"

"Hata mwivi hakosi maneno," akasema mzee mmoja nyuma yake, na watu wakaanza kuondoka, wakisema kura zimekwisha kupigwa huko Kabambare. Moyo uliniuma kweli, maana walikuwa wametoka mashambani kwa miguu, na kosa ni langu. Nikaapa, nikamwita dereva wa pikipiki aliyenileta anitetee (naye anacheka tu!), mpaka mama mkwe akakata neno.

"Asichague. Na karatasi asiziguse. Akae pale mulangoni tumuone, wengine wahesabu mbele yetu."

Mkwe habishani na mama mkwe. Naibu wangu akashika kazi, watu wakarudi kwenye safu, na jioni nilikaa mlangoni, mikono magotini, nikisikia kila karatasi ikiinuliwa na kusomwa kwa sauti, watu wamejaa madirishani, mama mkwe mbele yao. Mashahidi wa wagombea wote wakatia sahihi bila ugomvi, jambo ambalo sijapata kuliona.

Kura yangu sikupiga, na bado inaniuma. Lakini nimeapa: uchaguzi ujao wino utakaa sandukuni, na mama mkwe atakaa dirishani.