Shira ya Drusilla na Pua ya Mzee Abner

Watu wa Ikonge, tuache uongo. Mtu akinunua sukari nguru, mnasema tu anapika pombe ya chang'aa. Mwaka wa 1974 ilikuwa hivyo hivyo, na Drusilla Nyangate alijua. Akainunua mchana, sokoni, akaibeba kichwani bila kufunika.

Kesho yake, Sabato, angebatizwa, na alitaka wageni wale visheti, vile vipande vya unga vya kukaanga vinavyovikwa shira, sukari iliyochemshwa ikawa nzito. Alifundishwa na Kinsi, mama Mwislamu aliyekuwa jirani yake Kisii mjini. Shida ni kwamba sukari nyeupe ilikuwa imepotea madukani. Basi, nguru.

Ijumaa jua likishuka, visheti vimeshakaangwa, vimejaa karai. Nguru inachemka na iliki, harufu inatembea mpaka barabarani. Nani anaisikia? Mzee Abner wa kanisa, pua kama ya mbwa wa polisi. Akaingia jikoni bila hodi.

"Drusilla! Kesho ubatizo, leo pombe? Jina lako nalitoa kwenye orodha!"

"Mzee, ni shira."

"Ooh, siku hizi inaitwa shira?"

Angemweleza, lakini aliinua kijiko na shira ikavuta uzi. Kinsi alikuwa amemwambia: ikivuta uzi, hata mumeo akianguka, usiache sufuria. Itakuwa jiwe. Drusilla akamtia Mzee mwiko mkononi.

"Koroga!"

"Mimi?"

"Wewe! Ama kesho wageni wavunje meno?"

Akamwaga visheti ndani. "Pindua kutoka chini! Haraka, Mzee, inaganda!" Mzee akavua koti. Jasho likamtoka. Akaanza hata kuimba wimbo wa kanisa, eti apate mwendo.

Ndipo mkewe, Persis, akatokea mlangoni na akina mama wa kanisa, wamefuata harufu ileile. Wakamkuta mzee wao amekunja mikono ya shati, anakoroga nguru huku anaimba.

"Abner," Persis akauliza, "umeanza lini?"

Drusilla alicheka mpaka akakaa kwenye unga. Mzee akamtumbukizia mkewe kisheti mdomoni. Persis akatafuna. Akafikiri. Akanyoosha mkono tena.

Kesho yake mtoni, mchungaji aliuliza nani anamshuhudia huyu mama. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mzee Abner, tena unanata. Visheti vya wageni alikuwa ameshavianza.